Mzee Mwinyijuma na kitufe cha "Nimepokea"

Omary, acha kazi zako usome hii. Mbavu zinaniuma!

Unamjua Halidi, fundi wetu wa mitandao hapa chuoni Kibaha. Kaweka programu inayolia king'ora kwenye simu zetu kila mara tovuti ya chuo ikianguka. Ukibonyeza "Nimepokea", king'ora kinanyamaza kwa wote, maana yake wewe ndiye unayeshughulikia.

Leo ni mwisho wa maombi ya kujiunga, na tovuti imelala asubuhi nzima! Wazazi kutoka Visiga mpaka Dutumi wamejaa getini wanafoka.

Mkuu, Mzee Mwinyijuma, kaitisha kikao, kafura. "Kuna mtu kazima king'ora halafu katulia! Nikimjua, kesho yuko tawi la Kisarawe!"

Macho yote kwa Halidi. Mke wake kajifungua juzi tu, kuhamishwa sasa ni balaa. Halidi kafungua programu, kaionyesha ukutani.

Aliyebonyeza leo: Mwinyijuma. Wiki iliyopita: Mwinyijuma. Omary, MWINYIJUMA!

Mzee kashangaa kwelikweli. "Sasa mtu akikuletea taarifa, utamnyamazia? Mimi nimelelewa, bwana!"

Kumbe siku zote alikuwa anaitikia tu, kama anavyoitikia shikamoo!

Mama Sikudhani wa masjala kauliza kwa upole: "Basi mzee, Kisarawe anakwenda nani?"

 

Mzee kakohoa. "Kisarawe kwenyewe kuna hewa nzuri..."

Hapohapo king'ora kikalia tena. Kidole cha mzee kikanyanyuka.

Kikao kizima: "MZEEEE!"

Mzee kamsukumia Halidi simu. "Haya mwanangu, itikia wewe."