Fomu Niliyomzuia Chiriku

Nyumba ya kona,
Nyuma ya karakana ya mabasi,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa binti yangu,

Anayekuandikia ana miaka sabini na tisa, amewazika kaka zake wote watatu, amechakaza magari manne ya wagonjwa na kuona mabosi sita wakija na kuondoka. Sasa nimemzika na mama yako. Hilo sikuwahi kulipigia hesabu. Hujambo lakini? Kifua chako kimepona? Mumeo na watoto hawajambo? Sisi huku tunapumua, sina salamu nyingine.

Mwandiko usiucheke. Darasa la tatu lilinitosha kusoma vibao vya barabarani, na kwa vibao hivyo niliendesha miaka thelathini na moja bila kugonga hata kuku. Watoto wanne walizaliwa garini mwangu. Walioniita Honi hawakuniita bure, nikipita barabara ilijipasua yenyewe. Utasema si ningepiga simu. Nimekupigia mara tatu, na mara zote tatu nimeishia kukuuliza kama mvua inanyesha huko.

Mama yako tulimpumzisha vizuri, watu walijaa mpaka barabarani. Wewe kukosa kuja hakuna aliyekulaumu, safari ni ndefu. Kitanda chake sijakigusa. Nalala kwenye kochi.

Sasa lililonishikisha kalamu. Siku ya tatu baada ya maziko ulimpigia mwanao anayeishi nami, Chiriku wangu, ukamwambia alikaa na sare yake ya gari la wagonjwa akamwangalia mama yako anakufa. Sikutega sikio, sauti yako ndiyo ilitoboa ukuta. Mtoto aliyekuwa akiongea hata anapopiga mswaki, sasa ukimsalimia anaitikia kwa kichwa.

Sikiliza ilivyokuwa. Asubuhi ile mama yako alijichoma sindano yake ya sukari, kisha hakula. Nilimkuta jikoni amelowa jasho, anasema maneno yasiyoshikana, halafu akalegea. Nikaita gari la wagonjwa, na lililokuja lilikuwa lake Chiriku na dereva wake. Akapima, sukari imeshuka kabisa. Aliyezimia humtilii sukari mdomoni, atapaliwa. Dawa yake ni maji ya sukari ya mshipani. Chupa ilikuwemo garini, sindano ilikuwemo, mkono wenye ruhusa ndio haukuwemo. Chiriku ni mhudumu wa ngazi ya kwanza: hupima, hufunga majeraha, huweka oksijeni, hubeba. Mshipa ni wa ngazi ya pili.

Nikamfokea dereva, "Kanyaga wewe, unapeleka bibi harusi?" Alikanyaga kweli. Dakika hamsini mpaka hospitali. Mimi niliyeamini mbio ndiyo dawa, nilizihesabu zote, moja moja. Ubongo wa mama yako haukutungoja. Siku mbili hospitalini, basi.

Utaniuliza kwa nini hakuwa ngazi ya pili. Ni kwa sababu ya baba yako. Mwaka jana Chiriku alipata nafasi ya mafunzo hayo, miezi minane tu, akaja na fomu kuniomba baraka.

"Ngazi ya pili ndiyo nini?" nikamwambia. "Nenda moja kwa moja kwa wale wakubwa, paramediki. Mjukuu wa Honi hasimami kituo cha katikati!"

"Babu, hairukwi ile. Lazima uipite kwanza."

"Mimi nilibeba watu miaka thelathini na moja bila ngazi."

"Ulibeba, Babu. Mimi nataka kuwatibu njiani."

Mama yako akasema, "Mzee, mwache mtoto apande anavyoweza." Nikamwambia aangalie mboga yake, mambo ya magari aniachie. Kisha nikanuna. Siku nne sikugusa chakula alichopika Chiriku, mpaka alipoijaza fomu ya paramediki mbele ya macho yangu. Chuo kikairudisha na muhuri: apite kwanza ngazi ya pili. Nikasema wana wivu. Darasa lile lilikuwa limeshajaa.

Sasa ameifua sare, ameikunja, Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu anairudisha. Mkuu wa kituo amemwandika kwenye darasa jipya la ngazi ya pili, na siku ya mwisho ya kuthibitisha ni hiyo hiyo. Nimemsihi. Amenijibu, "Nikajifunze nini tena, Babu? Niliyetaka kumtibu ameshakwenda." Nimemwambia kosa ni langu, akaniambia nikalale. Neno langu kwake limekwisha nguvu. Lililomkaa ni lako.

Basi mpigie. Mimi usinisamehe, sikuombi hilo. Mwambie alifanya yote aliyoruhusiwa, na aende akajifunze yaliyobaki, ngazi kwa ngazi, hata akichukua miaka kumi. Sina matumaini makubwa. Nimefikisha wengi hospitali nikaambiwa umechelewa, najua hali ya mlango ule. Lakini mpigie.

Nisalimie mumeo, na yule mdogo mwenye mapengo. Shangazi yako anakusalimu, na fundi cherehani wa jirani anauliza lini utakuja. Mungu akufunike wewe na nyumba yako yote.

Ukidhani namkingia mjukuu kifua, muulize dereva wa siku ile, muulize na muuguzi aliyetupokea, watakwambia mtoto hakuuachia mkono wa bibi yake mpaka walipomtoa kwa nguvu. Habari ya fomu shahidi alikuwa mama yako. Amebaki Chiriku peke yake, na ukimuuliza atakana, ili babu yake asionekane mbaya.

Ni mimi baba yako, nikupendaye hata ukinikasirikia,
Honi