Zuhura Hakuwepo Alipoitwa

Jumamosi, Agosti 1995

Nimeudhika, na aliyeniudhi zaidi ni mimi mwenyewe. Vijana wangu kumi wa skauti wamepimwa leo Kivukoni ili wapande daraja la pili. Tisa wamepita.

Wa kumi ni Zuhura. Wakati wakingoja zamu ya mtihani wa huduma ya kwanza, mzee mmoja aliyeshuka kwenye pantoni aliteleza na baiskeli, akavunjika mkono. Zuhura akaufunga kwa kijiti na skafu yake, akampeleka hospitali. Mtahini alipomwita, hakuwepo.

“Mfute huyo,” akaniambia. “Nidhamu kwanza.”

Nilimweleza alikokwenda. Akasema yeye hakuona. Nikaogopa asije akawaangusha na wale tisa. Nikatia saini kwenye fomu ya kumfuta.

Zuhura alirudi saa tisa, mtahini ameshaondoka.

“Mwalimu, wenzangu wamepita?”

“Wamepita.”

“Na mimi?”

Nilimwambia yote, hata habari ya saini. Aliniangalia kidogo.

“Yule mzee atapona,” akasema, akaenda kuwasaidia wenzake kukunja mahema.

Barua kwa kamishna wa skauti nimeimaliza sasa hivi. Nimekiri kosa langu na kuomba Zuhura apimwe upya. Huenda wakanivua uongozi. Sawa tu.