Binti Yangu Anakuja Nyumbani Kama Mgeni

Mama Roselida, mshauri wetu mpendwa, naomba msaada wako kabla sijafanya jambo la kuchukiwa na kikundi kizima. Sisi huku Kocholia tunalima shamba la pamoja, kila nyumba imetoa ng'ombe mmoja wa kulima, na mihogo na mtama tunaovuna ndio unaolisha watoto wetu na kuwalipia karo. Shule iko ng'ambo ya mto na mvua ikinyesha mtoto hawezi kuvuka, kwa hivyo tulikubaliana siku za shule watoto wakae kwa mwenzetu Mama Olinga, aliye karibu na shule, na sisi tumlimie shamba lake pia. Mpango ni mzuri, sikatai, na Akwii wangu wa gredi ya tatu anasoma vizuri mpaka najivunia.

Lakini mtoto ananipotea huku namwona. Akija Jumamosi anaketi akingoja kuandaliwa, akimaliza anasema asante, na hata sufuria hajui ziko wapi. Juzi alianguka akachubuka goti, nikamkimbilia, yeye akalia, "Nataka Mama Olinga!" na mimi nikalia kuliko yeye. Nina hamu naye, Mama Roselida, hamu ya kuumiza, bado kila jioni napika ugali wa kumtosha na unalala. Mihogo ya watoto nikipeleka naiacha langoni nageuka, Mama Olinga akisema, "Karibu chai, mama," namwambia nina haraka, na Akwii akiniletea maji namwambia sina kiu, maana roho inaniuma nikiona viatu vyake vimepangwa mlangoni pa watu. Mume wangu Ejoku, anayepakia mizigo Malaba, anasema tu, "Wewe achana na hiyo maneno, mtoto si anasoma?" Sasa nataka kumtoa Akwii kule na kumtoa ng'ombe wangu kikundini, ingawa najua anavuta nira moja na ng'ombe wa Mama Olinga, na nikitoka, karo nayo imeenda. Nifanye hivyo?

Mama Akwii, Kocholia

Mama Akwii, pole sana. Mtu anayepikia mtoto asiyekuwepo siwezi kumcheka, na hamu hiyo si ujinga.

Ila nitakugombeza kidogo, usinune. Nimesoma barua yako nikitafuta Mama Olinga amekukosea wapi, sikuona. Nilichoona ni mama anayesimama langoni. Wewe unajua vizuri kukataa maji kwa watu kunamaanisha nini, na maji hayo aliyekuletea ni Akwii! Mtoto wa umri huo hajui wivu wa watu wazima. Anachojua ni kwamba mama hataki kuketi mahali anapoishi yeye. Ugeni huo unaokuliza, ni wewe uliyeuanza.

Ng'ombe mwache kwenye nira. Ukimtoa sasa, mvua itakuta shamba halijalimwa, watoto wote watakosa shule, na Akwii atajua ni mama yake aliyewakosesha. Ndivyo unavyotaka akurudie?

Ukipeleka mihogo tena, ingia ndani, ukae, unywe chai mpaka iishe, kisha mwambie Mama Olinga ukweli kwamba una hamu na mtoto wako. Naye ni mzazi, ataelewa. Kikundi kikikutana, omba akina mama mpokezane zamu za kulala kule na kupika. Sidhani unalia peke yako, wengine wanajikaza tu. Na huyo Mama Olinga anayelea watoto wa watu wote, nani kati yenu amewahi kumuuliza kama amechoka? Ejoku naye aache maneno mengi ya Malaba. Siku ya zamu yako aje ashike jembe shambani badala yako.

Akwii akija nyumbani, usimwandalie tena. Mpe kisu mmenye mihogo pamoja, mtume sufuria, akikosea mwache akosee, mradi yuko jikoni nawe. Usimuulize anampenda nani zaidi, hilo ni swali la kumtesa mtoto. Itachukua muda, vumilia. Siku atakayoonja mboga yako akakunja uso na kukwambia haina chumvi, mshukuru Mungu, mama. Mgeni hasemi hivyo.