Kikombe Nilichopangusa

Mama Munezero, mushauri wetu wa asubuhi ku redio, nakuomba unipe sikio yako, juu mimi njo nimezoea kusikiliza magonjwa ya wengine na leo yangu nimekosa mutu wa kumuelezea. Nasikia haya. Hii barua nimeianza mara nyingi na nikaipasua.

Mimi ni muuguzi, nafanya kazi ku sentre ya afya moja hapa Goma, na kila siku ya Mungu, yaani Jumapili, kisha ibada ninakaa ndani ya kachumba kando ya kanisa letu kule Majengo, napima watu tansiyo ya damu, naangalia sukari, nawakumbusha wamama wenye mimba siku ya kwenda kupimwa, bila kulipisha mutu, ni huduma yangu kama vile wengine wanavyoimba ao wanavyofagia. Watu wananiita Mama Infirmière na hilo jina nalipenda, labda nalipenda kupita kiasi.

Sasa kuna binti mumoja, Victoire, alitoka Rutshuru wakati wa vita, anaimba ku korali, anashona nguo, anaishi peke yake ndani ya chumba cha kupanga. Siku moja alingoja watu wote watoke, akafunga mulango nyuma yake, akaniambia kwamba tangu utoto ana kifafa, ule ugonjwa wa kuanguka, na dawa inamusaidia vizuri lakini ku sentre anaogopa, juu wale wanaongojea pale wanajuana wote na kila mutu anatazama mwenzake anapewa nini. Akasema, "Mama, hapa kwako hakuna mutu atauliza kitu. Watafikiri nimekuja kupima tansiyo." Nikamuambia asiogope. Daktari alimuona, kisha mimi njo nikawa namuchukulia dawa kila mwezi kwa niaba yake, namuletea kanisani ndani ya bahasha, na alikuwa haanguki tena, na alikuwa ananipokea kama mama yake, siku zingine ananishonea kola ya bluzi na anakataa nimulipe.

Mama, sikia vile niliharibu. Siku ya ine, Alhamisi, jioni tunakuwaka na chumba cha maombi, sisi wamama waombeaji, na mama Charline njo kiongozi wetu. Kila mumoja analeta haja yake, huyu analeta bwana mwenye kulewa, ule analeta mutoto mwenye kuanguka mitihani, na mimi siku hiyo nilikuwa nimechoka, sikukuwa na haja yoyote, mama Charline akaniangalia akasema, "Na wewe Mama Infirmière, wewe mwenye kuona mateso ya watu, unakuja mikono mitupu?" Wote wakanigeukia. Na mimi nikafungua mudomo nikasema tumuombee dada yetu mumoja wa korali, anaishi kwa sindano na uzi, anateswa na ugonjwa wa kuanguka tangu utoto, jina sitataja. Walivuta pumzi wote mara moja, na nakuambia ukweli kwa sababu sina mwingine wa kumuambia, nilisikia utamu. Nilisikia utamu wa kuwa mutu anayejua. Tuliomba sana ile jioni, kuna hata waliolia, na nilirudi nyumbani nikifikiri nimemutumikia Mungu.

Ku korali yetu mwenye kushona ni mumoja tu.

Siku ya Mungu iliyofuata ilikuwa ya Meza ya Bwana. Kwetu kikombe ni kimoja, kinapita mukono hadi mukono ndani ya mustari. Victoire alikunywa. Mama mwenye alikaa kando yake akapokea kikombe, akakiinamisha tu, midomo haikugusa, akapitisha. Mwingine naye akafanya vile vile. Kisha kikafika kwangu, na niliona watu wananitazama, juu walikuwa wanafikiri, infirmière akikunywa basi hakuna hatari, na asipokunywa basi iko. Mama Munezero, mimi nilisoma. Najua kifafa haipiti kwa mate, haipiti kwa kikombe, haipiti kwa kushikana mukono, ningekunywa tu na mambo yangeishia pale. Nilitoa kitambaa ndani ya mukoba, nikapangusa mudomo wa kikombe polepole, njo nikakunywa. Nilipoinua macho Victoire alikuwa ananiangalia. Hakukasirika. Aliangalia kile kitambaa, kisha akaangalia chini, na hapo njo alijua ni nani alisema.

Hajarudi kanisani tena. Dawa hakuja kuchukua, bahasha yake ingali ndani ya mukoba wangu pamoja na kile kitambaa, na sijui juu ya nini sikitoi. Nikimupigia simu haitiki. Juzi nilikutana naye ku njia karibu na soko, mukono wa kushoto umefungwa na kipande cha kikwembe, nikamuuliza ni nini, akasema, "Ni babula, mama, ni maji ya moto tu," na akavuka upande mwingine wa barabara. Mimi najua si maji. Najua mutu akiacha ile dawa kwa ghafula anaanguka zaidi kuliko zamani, na anaishi peke yake, na babula yake, lile jiko la makaa, iko chini kando ya kitanda. Kila nikisikia watu wanapiga kelele ku kartier yetu nafikiri ni yeye ameanguka.

Nilienda kwa Pasta Théoneste wetu nikamuungamia yote. Ni mutu muzuri, alilia pamoja na mimi. Lakini anasema dawa ya zambi ni kuitoa kwenye mwangaza, basi siku ya Mungu hii, ambayo tena ni ya Meza ya Bwana, nisimame mbele ya kanisa niungame, Victoire atumiwe mutu wa kumuleta, aitwe mbele, nimukumbatie, wazee wamuwekee mikono, na mimi nifundishe watu kidogo kwamba kifafa haiambukizi. Mama, natamani kufanya vile. Natamani hata leo. Naona nikisha kulia mbele yao huu muzigo utashuka na nitalala. Lakini kuna kitu ndani ya tumbo kinakataa na sikijui jina. Nisimame ao nisisimame? Nijibu mbele ya siku ya Mungu, tafazali.

Muuguzi mwenye haya, Majengo


Jibu la Mama Munezero

Mama Infirmière,

Nimesoma barua yako, nikaiweka chini, nikaenda kunywa maji, nikarudi. Nilitaka kasirani ipungue mbele ya kukujibu, maana wewe si mutu mubaya, na kasirani yangu haitamuponyesha huyu binti.

Tuanze na barua yenyewe. Uliniandikia jina lake kamili, jina la baba yake, na barabara anapoishi. Kwa redio, mama. Nimefuta baba na barabara, nimebadilisha majina yote, nimebadilisha kazi yake, nimebadilisha kartier na kanisa, wasikilizaji musijisumbue kutafuta. Sasa unaona ugonjwa wako uko wapi? Hauko ku kitambaa. Uko ku mudomo, na haujapona.

"Jina sitataja," ulisema. Ulitaja korali, ukataja kazi ya mikono yake, ukataja ugonjwa, ulibakisha nini, namba ya viatu? Mimi nimekaa ndani ya vyumba vya maombi miaka mingi. Naijua ile njaa ya kuleta haja kubwa kuliko ya jirani, na najua vile umbeya ukifunga macho na kuinamisha kichwa unajibiwa "Amina". Lakini wale wenzako walileta mambo ya nyumba zao wenyewe. Wewe ulileta kitu ulichopewa nyuma ya mulango uliofungwa. Huyu binti alikimbia macho ya watu ku sentre, akaja kujificha kwako, na wewe njo ulitoboa ukuta.

Kwa kitu kimoja nakusifu. Ule utamu, uliuandika. Wengine wangeniambia shetani aliwapitia.

Sasa swali lako. Usisimame.

Sikia juu ya nini. Waliokusikia siku ya ine walikuwa wamama wa chumba kimoja. Siku ya Mungu ni kanisa zima, na watoto, na wageni, na ule mutu asiyekosaka wa kupiga picha na simu yake. Utalia, watakuhurumia, utarudi kwenye kiti ukiwa mwepesi. Na yeye? Atakuwa amesimama pale mbele, mukono umefungwa, kila mutu sasa anajua jina, uso na ugonjwa, na hata ruhusa ya kukasirika hana tena, juu umemukumbatia na watu wamepiga makofi. Kile kitu kinachokataa ndani ya tumbo yako, nitakuambia kinajua nini: unataka kutua muzigo wako, na fasi unayotaka kuutua ni juu ya kichwa chake. Pasta Théoneste ana moyo muzuri, mufikishie salamu zangu. Lakini zambi ya kufungua siri ya mutu haioshwi kwa kuifungua mara ya pili. Maji ikimwagika haizoleki, basi usimwage na ile iliyobaki ku ndoo.

Dawa njo ya kwanza. Leo, si siku ya Mungu. Dawa haingoji musamaha. Enda kwake peke yako, bila mama Charline, bila Biblia kwapani, bila ile bluzi nyeupe ya uuguzi. Enda kama mutu anayemupelekea kazi, watu wa namna hiyo wanaingia kwake kila siku na hakuna anayeuliza. Mukisha kubaki wawili, muambie: ni mimi nilisema, na kikombe nilikipangusa nikijua hakina kitu. Maneno hayo tu. Usimuelezee vile ulikuwa umechoka. Usimulilie, maana akianza kukufariji ujue umemuibia tena. Kisha omba kuona ule mukono. Amekaa siku nyingi bila dawa, na wewe unajua kuliko mimi kwamba si mutu wa kumuambia tu ameze kidonge aendelee fasi alipoachia. Aonwe na daktari upesi, na kidonda kiangaliwe, na babula itoke kando ya kitanda. Akitaka umusindikize, musindikize. Akitaka muuguzi mwingine, mutafutie, ku sentre ingine mbali na watu wenu, na usisikie vibaya. Ana haki ya kuchagua mutu asiye wewe.

Anaweza kukufungia mulango. Hapo sasa, usimuachie jirani ile bahasha, nakujua. Rudi nayo nyumbani, na kesho uende tena. Muandikie ku simu maneno mafupi, bila kutaja ugonjwa, kwamba kama kuna mutu yeye mwenyewe anamuamini, amutume kwako. Amuchague yeye. Wewe usimuchagulie mutu tena.

Siku ya ine ingia chumba cha maombi mapema. Waambie wale wale waliokusikia: nilileta kitu ambacho hakikuwa changu, nilikosa sana, na yeyote aliyekitoa nje akome. Halafu ukae. Mama Charline akikuuliza hali ya ule dada, mujibu kwamba tansiyo yake yeye mama Charline hujawahi kumuambia mutu, na hutaanza leo. Ataelewa haraka. Na kutoka sasa haja ya ugonjwa italetwa na mwenye ugonjwa kwa mudomo wake, ao haitaletwa. Masomo juu ya kifafa utafundisha, ndiyo, lakini si sasa. Ngoja miezi ipite, ukifundishe katikati ya malaria na kuhara na mambo ya mimba, wakati ambapo watu wakisikia hilo neno hawatageuza shingo kutafuta kiti cha mutu.

Aibu yako utalala nayo. Siwezi kukuondolea, na ukweli ni kwamba sitaki sana. Yeye anatembea na yake muchana ku njia, na si yeye aliyeitengeneza. Yako iache ikufundishe kufunga mudomo. Wagonjwa wa kanisa wakiona muuguzi wao anajua kufunga mudomo, wataanza tena kuja na kufunga ule mulango nyuma yao.

Labda mwezi ujao, labda mwaka ujao, huyu binti atarudi kwenye Meza ya Bwana, ao hatarudi, ni yeye njo ataamua. Akirudi, muulize kwanza kama anakubali ukae kando yake, ule upande kikombe kinakoenda kikitoka kwake. Akikubali, kaa. Watu watakuangalia vile walikuangalia ile siku. Pokea kikombe ku mukono wake na ukunywe. Kitambaa ukiache nyumbani.