Saa Nne ya Kilimajuu

Mji Mkongwe, Unguja
Alkhamisi, 14 Agosti 2025
Leo ni mwaka mmoja, miezi saba na siku tatu tangu niondoke nyumbani Newala.

Kwa dada yangu mpenzi Mwamvua,

Shikamoo, Dada. Natumai waraka huu unakukuta mzima wewe, shemeji na watoto wote. Mguu wako umepungua kuvimba? Korosho zimetoa maua? Na yule mbuzi mwenye pembe moja bado anaingia jikoni kama mwenye nyumba? Mimi ni mzima, ila mgongo umechoka na mikono imechubuka kwa chokaa. Chakula nakula, na usingizi siutafuti, unanikuta nimekaa.

Utashangaa kuona barua badala ya simu. Simu yangu ilitumbukia kwenye shimo la chokaa, ikatoka nyeupe kama yai na haikusema tena. Lakini hata ingekuwa nzima ningeandika. Kwenye simu wewe hunikata kabla sijafika penye maana, na leo lazima nifike.

Kazi yetu iko juu ya kilima kinachoitwa Kilimajuu, ukishapita Kidichi, katikati ya mashamba ya karafuu na mdalasini. Kuna magofu ya jumba la kale: kuta nene, birika la mawe la kuogea, na dirisha moja lililobaki ambalo ukichungulia unaiona bahari. Wageni wanalipenda dirisha hilo kupita kiasi. Walikuwa wanapanda wengi mpaka kuta zikaanza kumeguka, ndiyo sisi tukaletwa kuziba nyufa, na ndiyo siku hizi mtu haingii ovyo. Kila tiketi ina saa yake. Wanaingia thelathini, wakitoka wanaingia wengine. Ukichelewa, mlinzi anakurudisha na hataki kusikia habari ya tairi wala ya tumbo.

Sasa, nyumba ninayopanga ni ya mama mmoja mjane, Bi Rukaiya. Ana binti anaitwa Shahida, mshonaji, na cherehani yake ndiyo inayoniamsha asubuhi. Sitaki kukuzungusha, Dada. Nataka kumwoa Shahida, na yeye hajasema hapana. Mwenye neno la mwisho ni mama yake.

Nilipojikaza nikamgusia, Bi Rukaiya hakunijibu ndiyo wala siyo. Alisema yeye amezaliwa mjini hapa, amezeeka hapa, na hajawahi kuliona hilo dirisha ambalo Wazungu wanapanda ndege kulifuata. Akasema amesikia mimi ndiye mkubwa wa huko juu, basi nimpeleke, halafu atanijibu palepale dirishani. Alisikia kwa nani kwamba mimi ni mkubwa? Hilo nitalisema, usiniharakishe.

Jumapili moja kwa mwezi ni siku ya wakaazi, na tiketi zake zinaisha kama mkate wa moto. Nilipanga foleni kwenye ofisi ya tiketi pale mjini tangu alfajiri, nikapata tatu, za Jumapili ya tarehe kumi. Zimeandikwa Saa 4:00. Bi Rukaiya akaivaa miwani yake, akasoma, akasema vizuri, saa nne, tutaondoka tukishakunywa chai.

Hapo ndipo nilipojitia ujuzi. Unajua darasa la tano ndiko nilikoishia, lakini habari ya saa nimefunzwa na dunia. Wiki yangu ya kwanza kazini, mhandisi wetu mgeni, kwa Kiswahili chake cha kitabuni, aliniambia nije saa saba. Nikaja saa saba mchana, nimeoga, nimechana nywele, nikawakuta wenzangu washamaliza nusu ya ukuta na wanakula. Walinicheka mwezi mzima. Tangu siku hiyo nikaapa: karatasi yoyote yenye saa, sita nitaongeza.

Basi nikamweleza Bi Rukaiya kwamba tiketi ni mambo ya kitalii, na saa ya kitalii si saa yetu. Nne na sita ni kumi. Kwa hiyo ni saa kumi jioni. Nikachora saa kwenye karatasi, nikaweka mishale. Bi Rukaiya akaniambia, “Mwanangu, saa nne ni saa nne.” Nikacheka kwa adabu, nikamwambia aniachie mimi. Shahida akatikisa kichwa, akaendelea kushona.

Siku yenyewe nikaomba ruhusa kazini, maana kazi imechelewa na siku hizi hata Jumapili tunapanda. Jirani akatubeba kwenye gari lake la kusambazia mikate. Bi Rukaiya alishuka na buibui jeusi limejaa unga mgongoni, na mkononi chupa ya chai na bakuli la visheti. Ilikuwa saa tisa na nusu. Nilimwambia tumewahi, akakung'uta unga, akasema tutaona.

Mlinzi wa mlangoni anaitwa Usi. Kila siku tunakula naye muhogo sahani moja. Alizitazama tiketi, akanitazama mimi, akazitazama tena, akauliza tulikuwa wapi, maana saa nne ilishapita na watu wake washarudi kwao wamelala. Nikamweleza habari ya kuongeza sita. Usi akaegemea nguzo kwa kicheko. Akasema zile za wageni ndizo za kuongeza sita, lakini za wakaazi wanaziandika kwa saa yetu wenyewe tangu mwanzo wa mwaka, kwa sababu wakaazi walikuwa wakija wamepotea saa, wengine na watoto, wengine na wazee. “Kila mtu kaelewa, bwana wa bara. Umebaki wewe peke yako.”

Nikamvuta pembeni nikamkumbusha muhogo. Akasema siku nyingine ananijua kwa koleo, lakini leo nimekuja kwa tiketi na atanijua kwa tiketi. Nilipogeuka, Bi Rukaiya alikuwa ananitazama. Hakusema “Nshakwambia.” Laiti angesema! Alikaa juu ya jiwe akaweka bakuli la visheti mapajani, na mimi nikaona posa yangu imekaa hapohapo na haitapanda.

Mara tukasikia sauti kutoka nyuma ya kilima, kwenye njia yetu ya kupandishia vifaa. Ni Khatib, fundi wetu. Alikuwa anapiga kelele kwamba chokaa inakauka na vibarua wawili hawajaja. Usi akajikuna kichwa, akasema kwa sauti kama anazungumza na mti kwamba njia ya nyuma haina tiketi wala saa, ila ina sharti lake: hapandi mtu mikono mitupu.

Nilitaka kumwambia Bi Rukaiya tutafute siku nyingine. Nilipomgeukia, ameshafunga kanga kiunoni juu ya buibui, na anauliza karai la chokaa liko wapi. Nilimsihi, Dada, wallahi nilimsihi. Akasema amekuja kuliona dirisha na ataliona. Akajitwika karai, Shahida akachukua ndoo ya maji, mimi nikabeba karai langu na chupa ya chai kwapani. Tukapanda. Njiani Bi Rukaiya alinipita.

Juu nikaelekea dirishani nianze kumsimulia habari za ukuta kama mkubwa anavyosimulia. Nilikuwa nimeshanyoosha kidole. Khatib, bila kugeuka, mwiko mkononi, akaita kama anavyoita kila siku tangu mwaka jana: “Saidia! Maji!”

Na mdomo wangu, Dada, mdomo huu uliozoea kuitika, ukajibu wenyewe: “Naam!” Na miguu ikakimbia kuchukua ndoo.

Kwa hiyo nafika penye maana. Mimi si mkubwa wa Kilimajuu. Sijawahi kuwa. Mimi ni saidia fundi, kibarua wa kubeba maji, mawe na chokaa. Bi Rukaiya nilimdanganya mimi mwenyewe siku niliyokuja kupanga chumba, nisikose chumba. Na wewe nilikudanganya kwa ile picha uliyoitundika sebuleni, niliyovaa kofia nyeupe na kushika ramani. Kofia ni ya mhandisi, aliivua kujifuta jasho. Ramani nimeishika juu chini. Najua umewaonyesha watu mpaka sokoni. Nisamehe, Dada. Ukitaka itundue, ukitaka iache, lakini sasa unajua.

Bi Rukaiya alisimama dirishani muda mrefu, akaitazama bahari, akanywa chai, akampa Khatib visheti. Kisha akaniita. Akasema alijua tangu mwezi wa kwanza, kwa sababu msimamizi hapaki mikono mafuta ya nazi kila jioni na kulia. Kibarua hamtishi, marehemu mumewe alikuwa mchukuzi bandarini. Alichokuwa anangoja ni kulisikia kwangu, na badala yake amelisikia kwa Khatib. Akasema posa ataipokea siku ile nitakapokuwa nimewaambia ukweli watu wote niliowadanganya, kwa maandishi, kuanzia nyumbani kwetu, na yeye ausome waraka kabla haujafungwa.

Sasa ndiyo anausoma. Amesema pale nilipoandika kwamba alinipita njiani ni kweli, na anataka niongeze kwamba alinipita mara mbili. Shahida anakusalimu, anauliza vipimo vyako vya gauni, kwa sababu wewe ndiye utakayeleta posa.

Nisalimie shemeji, watoto, Mama Mdogo, na majirani wote uliowaonyesha picha. Nakuja kukuchukua. Nategemea kufika Newala Ijumaa, tarehe 12 Septemba, na basi linaingia stendi saa kumi. Nimewauliza watu watatu, na wa mwisho ni Bi Rukaiya. Amesema saa kumi ni saa kumi.

Mdogo wako, saidia fundi,
Shaibu