Ile Nishani Hukuiuza

Hodge Hill, Birmingham

Kaka Mutiso,

Hujambo, na mgongo unaendeleaje? Mama aliniambia umerudi shambani. Mimi ni mzima, ingawa baridi ya huku imenizoea kuliko nilivyoizoea. Kazi ni ileile ya kuwatunza wazee majumbani. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu ningezungusha maneno hadi salio liishe.

Asubuhi naanza kwa Bi. Doreen, mwenye miaka tisini na miwili. Baba yake alikuwa mchimba makaa kule kaskazini. Wiki nzima yuko chini ya ardhi, Jumamosi anacheza raga, ile ya wachezaji kumi na watatu. Alikuwa mfupi, lakini hata wakimrukia watu watatu, aliwaburuta wote hadi mstarini. Vita vya Pili vya Dunia vilipokuja akapelekwa Burma, akauawa barabarani akitengeneza lori. Habari ilipofika, timu yake ilicheza mechi iliyofuata ikiwa na watu kumi na wawili, nafasi yake wakaiacha wazi. Walifungwa vibaya na hakuna aliyenung'unika.

Juzi Bi. Doreen alinionyesha nishani za baba yake kwenye kopo la biskuti, moja ya raga, moja ya vita. Hiyo ya vita, Kaka, ni sawa na ile ya Babu, yenye umbo la nyota. Nikamwambia babu yangu naye alipigana Burma. Akafurahi mno, akanishika mkono.

"Ya babu yako anayo nani sasa?"

Nikalia. Akadhani namlilia baba yake, akanipa kitambaa. Niliona haya hata kukipokea.

Kaka, nishani ya Babu hukuiuza. Niliichukua mimi. Niliivaa shingoni kwa uzi nikicheza bibi harusi, nikaingia nayo chooni, uzi ukakatika, ikatumbukia shimoni. Siku hiyohiyo wewe ukaja na mpira wa ngozi uliopewa na mwalimu, watu wa nyumbani wakasema umeupata kwa kuuza nishani kwa mtu wa vyuma chakavu. Nilikuwa mlangoni Babu alipokuchapa. Nilikuwa palepale alipouchana mpira kwa panga. Nilikuwa na miaka minane, sawa, lakini sasa nina arobaini na miaka yote hii nilinyamaza. Babu alikufa bila kukuita tena kwa jina lako, na wewe hukugusa mpira tena. Najionea aibu, Kaka. Sijui hata nikuombe msamaha kwa mdomo gani.

Kabla sijaondoka kwake juzi, Bi. Doreen aliniuliza kama kwetu kuna aliyewahi kucheza. Nilimjibu hakuna.

Nisalimie Mama, wifi yangu mpishi wa shule, na Mjomba Kioko aliyekushika miguu siku ile. Jumapili nitapiga simu saa nane mchana za kwenu. Waite wote, uweke simu kwenye spika, nawe ukae kwenye kiti cha Babu. Nitaanzia pale chooni.

Mdogo wako aliyekukosea,
Mwende