Mstari Mmoja

Mwenzangu, kaka amenikaba koo! Hospitalini! Mama kalala palepale na oksijeni puani!

Unakumbuka Jumapili mimi na kaka tulijipima kwa kile kipimo cha haraka cha korona kabla ya kwenda kwa mama? Wote wawili tulipata mstari mmoja, yaani hatuna virusi. Lakini mimi nilikuwa nakohoa, basi leo asubuhi kaamua ni mimi niliyemwambukiza mama.

"Umemuua mama!" Na mama anatutazama! Kanibamiza ukutani mpaka miwani ikapasuka. Nikamng'ata mkono, sikuachia mpaka damu ikatoka.

Nesi ndiye aliyetuachanisha. Akasema kipimo kile huweza kukosea, hasa siku za mwanzo virusi vikiwa bado vichache. Akatupima upya wote wawili, vipimo vikaenda maabara.

Majibu yametoka sasa hivi. Mimi sina. Kikohozi changu ni cha vumbi la stoo tu.

Kaka anavyo. KAKA! Hata chafya hajapiga!

Sasa kaketi sakafuni, anamng'ang'ania nesi: "Lakini si nilipata mstari mmoja?"

Mstari mmoja! Na mimi nilimwambia hivyohivyo, mwenzangu, vidole vyake vikiwa shingoni mwangu.